Paka wa Mamallapuram: mikao ya yoga na falsafa inayoibeba

Pwani ya kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, kuna mji mdogo uitwao Mamallapuram. Karne ya 7, enzi za wafalme wa Pallava, wachongaji waliujaza mwamba mkubwa wa mji huo miungu, watu, tembo, swala na nyoka. Katika umati huo yupo mtawa aliyekonda hadi mbavu zinahesabika, kasimama kwa mguu mmoja, mikono kaiinua juu ya kichwa. Ukihamisha macho upande wa pili wa mwamba, chini karibu na tembo, utamwona paka. Naye kasimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele kaiinua juu vilevile. Mbele yake wamejaa panya.

Hadithi yake imo katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India. Paka alikwenda ukingoni mwa mto Ganga, akainua mikono, akajionyesha kwa kila mpita njia kwamba ameacha kuua na sasa ni mcha Mungu. Panya walimtazama siku nyingi katika hali ile, mwisho wakamwamini, wakajiweka chini ya ulinzi wake. Baada ya muda wakagundua jambo: wao wanapungua, na mlinzi wao ananenepa.

Sijaona mfano unaoeleza vizuri kuliko huu kwa nini yoga haifundishiki kwa mikao peke yake. Kimwili paka yule hana kosa. Kasimama wima, hayumbi, kavumilia jua na mvua. Mwalimu anayetazama miguu, nyonga na mabega tu angempa alama zote. Kilichooza hakionekani kwenye mkao. Kimo ndani ya anayeushika.

Mtu anayeanza yoga leo, awe Nairobi, awe Dar es Salaam, awe sebuleni kwake mbele ya simu, kwa kawaida hupewa vitu viwili vilivyotengana. Kimoja ni mikao: inama hivi, nyoosha vile, hesabu pumzi tano. Kingine ni maneno makubwa kuhusu roho, mwanga na hekima ya miaka 5,000, yanayosemwa mwanzo na mwisho wa somo kama udi unaofukizwa chumbani. Viwili hivyo vinashikana wapi, haelezwi. Basi wengine huona falsafa ni pambo, na wengine huona mikao ni jambo dogo la watu wa mazoezi ya viungo. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza kwa miaka kadhaa, mpaka goti langu likanionyesha nilichokosa. Nitalifikia goti hilo.

Nira na gari la farasi

Neno yoga limetoka kwenye mzizi wa Kisanskriti, yuj, wenye maana ya kufunga nira. Waliokulia kwenye kilimo cha maksai wanaijua nira: mti unaolazwa shingoni mwa ng'ombe wawili ili wavute jembe pamoja. Haimwongezei ng'ombe nguvu, inazielekeza zile alizonazo.

Katha Upanishadi, maandiko ya zamani sana, yana picha inayotokana na wazo hilohilo. Kijana Nachiketa anamwuliza Mauti mwenyewe siri ya kifo, na Mauti anamjibu kwa mfano wa gari la farasi. Mwili ndio gari. Macho, masikio na milango mingine ya fahamu ndio farasi. Akili inayopokea na kutamani ni hatamu, busara inayoamua ni dereva, na nafsi ndiyo abiria. Farasi wakiwa hawajafundishwa, abiria hufikishwa asikokusudia.

Baadaye, yapata mwaka 400 kwa makadirio ya baadhi ya wasomi wa sasa, akaja Patanjali na Yoga Sutra. Sutra maana yake ni uzi, na kweli kazi hiyo ni nyuzi: mafungu mafupi 195, nakala nyingine 196, mengi yakiwa na maneno yasiyozidi kumi. Fungu la pili linatoa tafsiri ya yoga ambayo walimu wengi huikariri: yogash chitta vritti nirodhah, yaani yoga ni kutuliza mizunguko ya chitta. Chitta ni zaidi ya akili ya darasani. Ni kila kinachofikiri, kinachokumbuka na kinachohisi ndani yetu. Na mizunguko yake unaijua: umelala, taa imezimwa, na neno uliloambiwa mchana kazini linarudi, linazunguka, linakupa jibu ambalo ungelitoa, kisha linaanza upya.

Fungu la tatu linaendelea: hapo mwenye kuona hukaa katika hali yake mwenyewe. Nakuomba ulishike hilo neno, mwenye kuona, kwa sababu bila yeye mikao yote hubaki kuwa viungo vya mwili tu.

Neno asana nalo limetoka kwenye mzizi wenye maana ya kukaa. Kiswahili kimetupa neno linalolingana nalo barabara, mkao, linalotokana na kukaa vilevile, pamoja na upana wake wote: kukaa kitako, kukaa mahali, kukaa muda. Siku hizi wengi husema pozi. Silikatai, ila pozi ni la kutazamwa, na mkao ni wa kukaliwa.

Sasa lisikie jambo linalowashangaza wengi. Katika mafungu yote yale, Patanjali anazungumzia asana katika matatu tu, na hataji mkao hata mmoja kwa jina. La kwanza lasema mkao uwe thabiti na wa raha, sthira na sukha. La pili lasema hali hiyo hupatikana kwa kulegeza juhudi na kuituliza akili katika lisilo na mwisho. La tatu lasema matokeo yake: mtu huyo hapigwi tena na vitu vinavyokuja viwili viwili, kama joto na baridi. Basi. Ufafanuzi wa kale unaonasibishwa na Vyasa unaongeza majina zaidi ya kumi, karibu yote ya kukaa: kukaa kama korongo, kama tembo, kama ngamia. Mmoja wapo ni kukaa kwa kuegemea kitu. Anayeona haya kutumia mto au kiti darasani ajue kwamba ruhusa hiyo ni ya zamani kuliko mikao mingi ya kusimama anayoijua.

Mikao mingine yote ilitoka wapi

Hapa ndipo fundo lilipo, na maelezo ya miaka 5,000 hayalifungui, yanalikaza.

Mkondo wa pili wa yoga, hatha, ulianza kuandikwa karne nyingi baada ya Patanjali. Hatha Pradipika ya Svatmarama, ya karne ya 15, inaeleza mikao 15, ukiwamo wa tausi, ambapo mwili wote hubebwa na viganja viwili huku viwiko vikiwa vimekita tumboni. Gheranda Samhita, yapata mwaka 1700, inafikisha 32, na humo mkao wa mti umeelezwa vizuri kabisa. Waandishi hao hawakutafuta misuli. Walitaka mwili utakaoweza kustahimili mazoezi makali ya pumzi na saa nyingi za kukaa kimya.

Mkondo wa tatu ni wa juzi. Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, alipokwenda Chicago mwaka 1893 na kuanza kuwafundisha Wamarekani yoga, alifundisha falsafa na kutafakari. Mikao ya hatha hakuijali. Waliofanya mikao iwe sura ya yoga walikuja baada yake. Mtawala wa Aundh, dola ndogo ya India, Bhawanrao Pant Pratinidhi, alieneza surya namaskara, ule mfululizo wa kuliamkia jua, katika miaka ya 1920. Huko Mysore, kusini mwa India, mwalimu Krishnamacharya alifungua darasa katika jumba la Jaganmohan mwaka 1933 kwa ufadhili wa mfalme Krishnaraja Wadiyar wa 4. Darasani kwake walipita B.K.S. Iyengar, Pattabhi Jois na Indra Devi, na kupitia hao watatu ndipo dunia ikapata sehemu kubwa ya mikao inayofundishwa leo. Wakati ule India ilikuwa imejaa mieleka, kunyanyua vyuma na mazoezi ya viungo ya Kizungu shuleni na jeshini. Mtafiti Mark Singleton ameonyesha jinsi mambo hayo yalivyochanganyika. Mikao ya kusimama tunayoiona kila mahali, kama wa pembetatu na wa shujaa, haimo katika maandiko ya kale ya hatha.

Je, hilo linaishusha yoga? Mimi naona linaipa heshima ya kweli badala ya heshima ya uzushi. Iyengar alikuwa mtoto mgonjwa: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Mwili wake dhaifu ndio uliokuwa maabara yake, na kitabu chake cha mwaka 1966 kina picha karibu 600 za mwili huohuo. Alichouliza ndani ya kila mkao, hata ule uliotungwa jana, ni swali la Patanjali: je, hapa kuna uthabiti na raha kwa pamoja? Ufundi ni mpya, swali ni la kale. Walioviunganisha walifanya hivyo kwa makusudi, na muungano huo unafanya kazi kwa sababu ambayo mtu anaweza kuijaribu mwenyewe akiwa peku sakafuni.

Mti, kwa karibu

Basi tuujaribu. Simama, miguu sambamba. Hamishia uzito mguu wa kushoto na utandaze vidole. Sikia sehemu tatu zinazogusa sakafu: chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo, na kisigino. Inua mguu wa kulia, unyayo uweke ndani ya paja la kushoto, au chini zaidi kwenye shavu la mguu. Usiuweke gotini kamwe, maana goti halikuumbwa kusukumwa kutoka ubavuni. Unyayo usukume paja, paja lisukume unyayo. Viganja vikutane kifuani. Macho yatafute alama isiyosogea. Mimi nina msumari ukutani ulioachwa na kalenda ya zamani. Nimeutazama asubuhi nyingi kuliko nilivyowahi kuitazama kalenda yenyewe.

Pumzi ya tatu au ya nne, kifundo cha mguu kinaanza kutetemeka. Sasa tazama kinachofanyika juu ya kifundo. Taya linakaza. Vidole vinafinya sakafu kama vinataka kuing'oa. Pumzi imesimama, na hukuagiza isimame. Hayo yote ni juhudi, na hakuna hata moja linalosaidia mguu. Taya halijawahi kumzuia mtu asianguke.

Legeza taya. Acha pumzi itoke polepole. Kanyaga chini kwa kisigino badala ya kujivuta juu kwa mabega. Mara nyingi, si mara zote, mkao unatulia wenyewe. Maneno ya Patanjali, kulegeza juhudi, hapo yanaacha kuwa maneno. Na unaona pia kwamba kulegeza juhudi si kulegea, kwa sababu ukilegea mguu wa kusimamia unakunjika na umeanguka. Kuna juhudi inayobeba na juhudi inayopigana na kubeba. Mtu anayetaka kuzitofautisha kwa kusoma tu atachoka; kwenye mguu mmoja zinatengana ndani ya dakika.

La pili ambalo kifundo kinafundisha: hakitulii. Hata kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka 20, misuli midogo ya unyayo inarekebisha kila sekunde, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Uthabiti unaouona kwa nje ni marekebisho yaliyokuwa madogo kiasi kwamba hayafiki nyongani. Hili limenisaidia kuelewa nirodha, kule kutuliza, kuliko maelezo yoyote. Wengi husikia "kutuliza mizunguko ya akili" wakadhani wanatakiwa wasiwaze kitu, wakikaa dakika mbili na mawazo yakaja, wanakata tamaa. Wazo likija likarekebishwa lingali dogo, halijafika nyongani, akili inasimama.

Mapokeo ya Kihindi yanasema Patanjali ni umbo la Ananta, nyoka asiye na mwisho, ambaye ameibeba dunia na ambaye mungu Vishnu hulala juu yake. Wafafanuzi wanaipenda picha hiyo. Abebaye dunia hapaswi kutikisika, na aliyefanywa kitanda hapaswi kuwa mgumu. Ananta ndilo neno lenyewe lililomo katika fungu la pili kati ya yale matatu ya mkao, lisilo na mwisho. Anayejua hilo akisimama kwenye mti ana kitu cha kuwazia zaidi ya kuhesabu sekunde.

Kisha badilisha mguu. Karibu kila mtu ana upande mzuri na upande mbaya. Utagundua kwamba upande mzuri unataka kukaa zaidi, na ule mbaya unataka kuumaliza haraka. Patanjali anataja mateso matano yanayomfunga binadamu: kutojua, umimi, kuvutwa na kinachopendeza, kusukumwa na kinachochukiza, na kung'ang'ania uhai. Matatu kati ya hayo umekwisha kukutana nayo kabla hujashusha mguu: umevutwa upande wa kulia, umeukimbia wa kushoto, na ulipoanguka kuna sauti iliyosema mara moja, mimi siwezi. Sauti hiyo ndiyo umimi. Kilichotokea ni kwamba mguu uligusa chini. Aliyegeuza jambo hilo likawa hukumu juu ya mtu mzima ni nani?

Hapa ndipo mwenye kuona anaporudi. Kuna kinachoyumba, na kuna kinachoona kuyumba. Falsafa ya Patanjali, aliyoijenga juu ya mfumo uitwao Samkhya, inatenganisha viwili hivyo kabisa: prakriti, yaani maumbile yote, mwili na mawazo yakiwamo, na purusha, yule anayeona tu. Na hapa niseme wazi, kwa kuwa wengi wamefundishwa kinyume. Kauli kwamba yoga ni kuunganisha mwili na roho haimo kwa Patanjali. Lengo lake, kaivalya, ni mwenye kuona kutengana na kinachoonwa, kuacha kujidhania kuwa ndiye mawazo yake na mwili wake. Bhagavad Gita, kitabu kingine kitakatifu cha Wahindu, ina lugha nyingine, huita yoga usawa wa moyo, na mahali pengine ustadi katika matendo. Shule nyingine za Kihindi husema kweli juu ya kuungana. Ni njia tofauti zilizobishana kwa karne nyingi, na mwalimu anayezichanganya katika sentensi moja tamu anamnyima mwanafunzi haki ya kujua kwamba kulikuwa na mjadala.

Hatua mbili kabla ya mkao

Njia ya Patanjali ina viungo vinane. Mkao ni cha tatu. Baada yake zinakuja pumzi, kuzirudisha fahamu ndani, kuelekeza akili, kutafakari, na samadhi, yaani akili kuzama kabisa. Kabla yake vipo viwili ambavyo madarasa mengi huviruka: yama, namna ya kuishi na wengine, na niyama, namna ya kuishi na nafsi yako. Yama ni kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia katika tamaa za mwili, na kutolimbikiza. Niyama ni usafi, kuridhika, kujinidhamisha, kujisoma, na kujitoa kwa Ishvara, yaani Bwana.

Sasa goti. Nilikuwa nautamani mkao wa yungiyungi, ule wa kukunja miguu na kuweka nyayo juu ya mapaja. Niliutamani kwa sababu ndio unaoonekana kwenye kila picha ya mtu mwenye busara. Nyonga zangu zilikuwa zimekaza, na sikutaka kusubiri. Mwalimu niliyekuwa naye akaweka mkono juu ya goti langu akalikandamiza, nami nikanyamaza badala ya kusema inauma. Goti likatoa mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Miezi mitatu nilishuka ngazi kwa upande.

Kitaalamu maelezo ni mafupi. Goti ni bawaba, hujikunja na kujikunjua. Mzunguko unaohitajika katika mkao huo hutoka kwenye nyonga, na nyonga isipotoa, goti ndilo linalolipa. Lakini nilipolala nimeinua mguu juu ya mto ndipo niliposoma viungo viwili vya kwanza kwa makini, nikaona kwamba nilikuwa nimevunja zaidi ya kanuni moja kwa dakika moja. Nilidhuru, na niliyemdhuru ni mimi. Sikusema kweli nilipoulizwa kama niko sawa. Nilitaka kulimbikiza mkao kama mtu anayekusanya vikombe vya ushindi. Na sikuridhika na nilichokuwa nacho, ambacho kilikuwa kukaa vizuri kabisa juu ya blanketi lililokunjwa. Patanjali ana fungu moja fupi linalosema maumivu ambayo hayajafika ndiyo ya kuepukwa. Waswahili tuna yetu, tahadhari kabla ya hatari, na nilikuwa nimeyasikia yote mawili.

Tangu hapo siamini tena kwamba maadili ni utangulizi wa yoga unaoweza kurukwa. Ndiyo yanayoamua mkao uishie wapi. Kutodhuru ndiko kunakokwambia leo hapa panatosha. Ukweli ndio unaokuzuia kutumia panatosha kama kisingizio cha uvivu. Na kwa mwalimu uzito ni mkubwa zaidi. Walimu kadhaa waliosifika duniani kote kwa mikao yao wametuhumiwa hadharani na wanafunzi wao kwa kuwagusa isivyo halali wakiwa darasani. Miili yao iliweza mambo ambayo wewe na mimi hatutayaweza. Wachongaji wa Mamallapuram walikwisha kumchonga mtu wa aina hiyo, na panya wake wakawachonga pia.

Swali la dini

Msomaji wa Lamu, Unguja au Muscat atauliza, na Mkristo wa Mwanza au Goma atauliza vilevile: hii si ibada ya Kihindu? Swali hilo linastahili jibu la heshima. Kusema "ni mazoezi tu" ni kulikwepa.

Viongozi wa dini wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 2008 baraza la fatwa la taifa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga, likihofia mchanganyiko wa mikao, nyimbo za dua na imani. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliitambua yoga kama shughuli ya michezo. Na zamani zaidi ya wote, mapema karne ya 11, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu Al-Biruni aliifasiri Yoga Sutra kwa Kiarabu pamoja na ufafanuzi wake, akaipanga kwa maswali na majibu ili msomaji wake aifuate. Al-Biruni hakuwa akibadili dini. Alitaka kuwaelewa Wahindi kwa maneno yao wenyewe, bila kuwapaka rangi. Mfano wake naupenda kuliko ule wa wanaokataa bila kusoma na ule wa wanaouza bila kueleza.

Naweza kusema hivi kwa uhakika. Kusimama kwa mguu mmoja hakumwabudu yeyote. Majina ya mikao mingine yana hadithi za miungu, kwa mfano Virabhadra, shujaa ambaye mungu Shiva alimtoa katika nywele zake kwa uchungu wa kufiwa na Sati, mkewe. Nyimbo na dua zinazotangulia madarasa mengine ni za dini kweli, na mtu ana haki ya kunyamaza zinapoimbwa. Kuhusu Ishvara, Patanjali anamtaja kama njia mojawapo ya kufikia utulivu. Yeye hamwiti muumba wa ulimwengu, anamwita purusha wa pekee asiyeguswa na mateso wala matendo. Nadharia ya purusha si sawa na roho ya Biblia wala ya Kurani, na asijaribu mtu kukuambia ni kitu kimoja. Mwenye imani yake anaweza kuchukua mkao, pumzi na uangalizi wa nafsi, akaacha mengine, mradi anajua anachokiacha. Asiyejua hachagui, anachaguliwa.

Namna ya kuvishika vyote pamoja

Wengi hunitaka niwaambie waanze na kitabu au waanze na mkeka. Mimi huwaambia fungu moja na mkao mmoja, kwa mwezi mzima. Chukua sthira sukham asanam, mkao uwe thabiti na wa raha, uende nalo kwenye mkao wa mlima, ambao kwa mtazamaji ni mtu aliyesimama tu. Dakika tatu kila asubuhi. Uliza maneno hayo mawili kuanzia nyayo hadi utosi: hapa ni thabiti? hapa pana raha? Magoti yaliyokazwa kwa nyuma ni thabiti bila raha. Tumbo lililoachwa limwagike mbele lina raha bila uthabiti. Mwezi unaofuata uwe wa mti na kulegeza juhudi. Wa tatu, kukaa kitako na kuinama mbele juu ya miguu iliyonyooshwa, pamoja na kuridhika, maana katika mkao ule vidole vya miguu viko mbali na kila mtu huona vingekuwa karibu zaidi kama angejivuta kidogo.

Patanjali anasema akili hutulizwa kwa mambo mawili yakiwa pamoja, abhyasa na vairagya: kurudia bila kuchoka, na kuachilia. Kuhusu kurudia anaweka masharti matatu, muda mrefu, bila kukatiza, na kwa moyo wote. Dakika kumi za kila siku zinatimiza masharti hayo kuliko saa mbili za Jumamosi. Mwenye presha ya juu au ugonjwa wa presha ya macho asisimame kichwa chini miguu juu. Mjamzito na mwenye jeraha waseme mapema, na mwalimu asiyeuliza asipewe mwili wako.

Pumzi ije baada ya mkao, kama Patanjali alivyoipanga. Mwanzoni inatosha kuifuata bila kuiamuru.

Mwisho wa kila zoezi ni shavasana, mkao wa maiti. Jina hilo huwatisha watu wetu, na naelewa, maana kwetu anayelazwa chali akanyooshwa miguu huwa amekwisha kuvishwa sanda. Svatmarama anaueleza kwa maneno machache: kulala chali ardhini kama maiti, huondoa uchovu na kuupumzisha moyo. Lile la tano katika mateso, kung'ang'ania uhai, linaguswa hapa kwa upole kuliko mahali pengine popote. Lala. Mikono iache mbali kidogo na mwili, viganja juu. Miguu iangukie nje. Kila kiungo ulichokuwa unakisimamia, kiache kisimamiwe na sakafu. Utasikia jogoo, pikipiki, jirani anayefagia uwanja, na kwa muda mfupi havitakuwa na jina. Dakika tano au kumi.

Kisha kunja magoti, geukia ubavu wa kulia, kaa hapo pumzi mbili tatu. Sukuma sakafu kwa kiganja cha kushoto, kichwa kiwe cha mwisho kuinuka. Keti kitako, juu ya blanketi kama nyonga zinadai, mgongo wima, mikono mapajani.